Barua ya wazi kwa wifi yangu: damu hiyo ina dawa

Wifi yangu mpendwa,

Nakuandikia hapa bila kutaja jina lako, kwa sababu ana kwa ana umeshanikatiza mara mbili, na kwa sababu najua wapo wengi wenye hali kama yako. Siku ya khitma ya baba, wanawake wote waliponyanyuka mkekani kwenda kula, wewe ulibaki umekaa ukasema huna njaa. Nilisubiri nyuma yako mpaka ua ukawa mtupu, kisha nikakufunga kanga yangu juu ya kanga yako. Ile uliyoikunja mara nne ukaikalia ilikuwa imelowa hadi mkekani, na hazikuwa zimepita saa mbili tangu ubadilishe pedi. Nilipokuuliza ukanijibu lile la siku zote: "Wanawake wa kwetu ndivyo tulivyo."

Jibu hilo ndilo ninalotaka ukamwambie daktari, neno kwa neno. Mama yako aling'olewa jino akatoka damu siku nne, na wewe mwenyewe hupata alama za kuvilia damu mwilini kwa kugonga tu ukingo wa kitanda. Mwaka 1926 daktari mmoja wa Ufini, Erik von Willebrand, alieleza ugonjwa wa kurithi unaoifanya damu ichelewe kuganda, baada ya kuuchunguza ukoo mmoja wa visiwa vya Åland. Binti aliyemfikisha kwenye uchunguzi huo alikuja kufa akiwa na miaka 13, katika hedhi yake ya nne. Sisemi kwamba unao. Nasema upimwe, kwa kuwa hata uvimbe kwenye kizazi, au tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, huweza kuleta damu nyingi namna hiyo.

Dawa niliyokuwa nikikutajia inaitwa asidi ya traneksamiki. Mwili unapogandisha damu mahali penye jeraha, hutoa pia kitu cha kuyeyusha bonge hilo, na kwa wanawake wengi wenye hedhi nzito kuyeyuka huko hutokea kwa kasi mno ndani ya kizazi. Dawa hii huzuia bonge lisiyeyuke mapema. Si homoni, haizuii mimba, na wala haiifungii "damu chafu" tumboni kama tulivyoambiwa jikoni, kwa sababu hedhi hutoka kama kawaida ila hupungua, mara nyingi kwa karibu nusu. Kwa kawaida mtu mzima hupewa vidonge viwili vya miligramu 500 mara tatu kwa siku, katika zile siku nzito tu, zisizozidi nne. Walioigundua ni Utako Okamoto wa Japani na mumewe Shosuke, waliochapisha matokeo yao mwaka 1962, na mama huyo alikuwa akiingia maabara na mtoto mgongoni. Alitamani isaidie wanawake wanaovuja damu baada ya kujifungua. Alifariki mwaka 2016, na mwaka uliofuata utafiti wa wanawake wapatao 20,000, wakiwemo wa Tanzania, ukaonyesha kwamba ikitolewa ndani ya saa tatu hupunguza vifo vya kuvuja damu.

Hata hivyo usiende kuinunua dukani kimyakimya. Aliyewahi kugandiwa na damu kwenye mguu au mapafu hapewi, mwenye figo dhaifu hupunguziwa kipimo, na anayetumia vidonge vya majira ni lazima aseme. Ibuprofeni nayo hupunguza damu na maumivu, lakini ikiwa tatizo ni ule ugonjwa wa kurithi, yaweza kuzidisha mambo, sawa na aspirini unayomeza ukiumwa kichwa. Kipo pia kitanzi chenye homoni, ambacho hupunguza damu kuliko vidonge hivi vyote. Najua hutaki kukisikia, basi nakitaja tu.

Kuhusu ule udongo wa pemba unaouficha kwenye mkoba, sikucheki. Nami niliutafuna. Hamu ya udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa madini ya chuma, na dawa za kuzuia damu hazirudishi kilichokwisha kupotea, kwa hiyo utahitaji vidonge vya chuma kwa miezi kadhaa, ambavyo usivishushie kwa chai. Mimi katika zahanati moja niliambiwa nizae tena, damu itakoma yenyewe. Niliamini miaka mitatu, hadi hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ikashuka kufikia 6.2 nikaongezewa chupa mbili za damu, huku kaka yako akizunguka kutafuta wa kujitolea.

Ukiona pedi inajaa kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, au unapata kizunguzungu na moyo kwenda mbio, au ukihisi huenda una mimba, usisubiri miadi. Nipigie hata usiku wa manane twende hospitali.

Vinginevyo nimeshakuwekea nafasi Jumatano. Andika kwenye daftari siku ulizotoka damu na idadi ya pedi, na umuulize mama kama upande wenu kuna aliyewahi kuvimba mguu kwa damu kuganda, maana hilo daktari ataliuliza na mimi silijui. Nitakupitia saa moja asubuhi. Vaa gauni jeusi ukitaka, na kanga ya akiba nitakuja nayo.

Wifi yako