Jenerali wa ndege aliyegawa laini za simu

Mombasa

Kwako ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi, na shemeji na watoto nao uwafikishie. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Mama homa imemwachia, na sasa kazi yake ni kuuliza mtakuja lini.

Barua yako nimeisoma. Unashikilia kwamba mwanajeshi akiingia serikalini anaweza kufanya la maana, na mfano wako ni yule jenerali wa Myanmar aliyewapatia watu simu. Yupo kweli, anaitwa Myat Hein, na sifa yake sitamnyima.

Alikuwa mkuu wa Jeshi la Anga. Februari 2013 Rais Thein Sein, ambaye naye ni jenerali mstaafu, alimpa Wizara ya Mawasiliano, kwa kuwa waziri aliyemtangulia, Thein Tun, alikuwa amejiuzulu huku akiandamwa na uchunguzi wa ufisadi. Simu zote zilikuwa mikononi mwa MPT, shirika la serikali. Kuna miaka ambayo laini moja tu iliuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Hebu fikiria, Salim, wewe unayenunua laini kibandani huku unangoja matatu. Mkulima wa huko angelima umri wake wote asiipate.

Aprili 2013 zikatolewa laini 350,000 kwa kyat 1,500, chini ya dola mbili, na watu wakazipata kwa bahati nasibu. Ikafuata zabuni ya leseni mbili, na kampuni zaidi ya 90 zikajitokeza kuzitaka. Juni 26 bunge la chini lilipiga kura likitaka uamuzi uahirishwe; kesho yake washindi wakatangazwa tu, Telenor ya Norway na Ooredoo ya Qatar. Katika nusu ya pili ya 2014 zote mbili zilikuwa zimefungua huduma, na laini ya kyat 1,500 ikawa ya kila mtu. Wengi hawakuwahi kuwa na simu ya mezani wala kompyuta. Waliingia Facebook moja kwa moja kwa simu ya mkononi. Hili ni jambo kubwa, nami nalikubali kwa moyo mweupe.

Lakini tazama sheria iliyokuja pamoja na laini hizo. Sheria ya Mawasiliano ilipitishwa Oktoba 2013, yeye akiwa wizarani, na ndani yake kulikuwa na kifungu cha 66(d): ukimkashifu au kumsumbua mtu kupitia mtandao wa simu, jela hadi miaka mitatu. Kukashifu ni nini, kusumbua ni nini, mwenye nguvu ndiye anayeamua. Ni ndugu wa kile kifungu cha 29 cha sheria yetu ya mawasiliano hapa Kenya, ambacho Mahakama Kuu ilikifuta 2016. Mshairi kijana Maung Saungkha aliandika Facebook shairi la utani kuhusu picha ya rais iliyochorwa mwilini mwake, akakamatwa 2015 na mwaka uliofuata akahukumiwa miezi sita. Kinachoniuma zaidi ni kwamba chama cha Aung San Suu Kyi kilipoingia madarakani 2016, kesi za 66(d) ziliongezeka. Mwaka 2017 kifungo kilipunguzwa hadi miaka miwili, kifungu chenyewe kikabaki.

Myat Hein aliendelea na siasa ndani ya USDP, chama kilichojaa maofisa wastaafu. Na kwa nini wasijae? Katiba ya 2008 inawapa wanajeshi robo ya viti vya bunge bila kupigiwa kura, na mkuu wa majeshi ndiye anayewateua mawaziri wa ulinzi, mambo ya ndani na mipaka. Chini ya katiba ya namna hiyo, mageuzi yalidumu kadiri jeshi lilivyoyavumilia.

Februari 1, 2021, siku jeshi lilipoipindua serikali ya Suu Kyi, watu waliamka simu na intaneti zimekatwa sehemu nyingi za nchi. Mtandao ule ule! Machi 2022 Telenor ikakamilisha kuuza biashara yake huko na kuondoka. Jeshi la Anga, ambalo Myat Hein alikwishaliacha zamani, Aprili 11, 2023 lilishambulia kijiji cha Pazigyi, mkoa wa Sagaing, wakauawa watu zaidi ya 160, watoto wakiwemo. Simbebeshi yeye damu hiyo. Ila wakuu wa jeshi ndio waliokuwa na neno la mwisho hata wakati laini zinagawiwa, na wewe unaniambia nihesabu laini peke yake.

Na yule mshairi? Baada ya mapinduzi alishika silaha, sasa anaongoza kikosi cha wapiganaji msituni.

Ukijibu, usinirudishie bei ya laini, hiyo tumekubaliana. Niambie ni nani angeweza kumzuia mkuu wa majeshi asizikate. Nauliza kwa dhati, kwa sababu hata mimi jibu linanitesa.

Wako daima,
Rashid