Namugongo haiko Kampala

Ndugu Mhariri,

Kila ifikapo Juni 3, Siku ya Mashahidi wa Uganda, gazeti lako huandika kwamba mahujaji wanaokwenda Namugongo wamefurika Kampala. Naomba nisahihishe, maana mimi mahujaji hao nawaona kwa macho yangu.

Nauza chai na chapati kando ya barabara ya Jinja hapa Kireka. Mwisho wa Mei wanapita waliotoka Kenya kwa miguu, nyayo zimevimba, wengine wamebeba viatu mkononi. Wananiuliza, "Mama, Namugongo bado?" Nawaambia wakate kulia hapo mbele, wapite Kyaliwajjala, watafika. Na wanafika bila kukanyaga Kampala hata hatua moja.

Mji wanaouingia unaitwa Kira. Uko wilaya ya Wakiso, una manispaa yake na tarafa zake tatu: Kira, Namugongo na Bweyogerere. Sensa ya 2014 ilikuta hapa watu zaidi ya 300,000. Uwanja wa mpira wa Namboole uliofunguliwa 1997 uko Bweyogerere, lakini mechi za CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, zilipochezwa pale Agosti 2025, dunia nzima iliambiwa ni Kampala.

Namugongo ilijulikana kabla Kampala haijawa mji. Ndiko wafalme wa Buganda walikopeleka watu kuuawa. Charles Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, ambao ndio mashahidi wanaokumbukwa Juni 3, walichomwa moto pale mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka, yaani mfalme, Mwanga. Miaka kama kumi kabla ya hapo, enzi za baba yake, Muteesa wa Kwanza, waliuawa palepale vijana Waislamu waliokataa kula nyama iliyochinjwa na wasiotahiriwa. Mimi ni Mwislamu, na inaniuma kwamba hao hutajwa kwa nadra sana.

Kuna atakayesema jina tu lina shida gani. Shida tunaiona mvua ikinyesha. Kira ni vilima, na kati ya kilima na kilima kuna bwawa la mafunjo. Bwawa la Kinawataka, hapa mpakani na Kampala, hupokea maji ya Kireka na Banda na kuyashusha taratibu mpaka Ziwa Victoria. Nilipohamia hapa, mafunjo yalikuwa marefu kuliko mtu, na kina mama walilima magimbi pembeni. Leo malori yanamwaga udongo mwekundu, wiki mbili baadaye ukuta umesimama. Maji yakikosa pa kupita yanaingia majumbani. Mwaka jana niliamka usiku nikakuta gunia langu la unga wa ngano limelowa hadi katikati, na sufuria zinaelea.

Asubuhi redio zikasema mafuriko Kampala. Basi wasikilizaji wakawalaumu wakubwa wa jiji, ambao mamlaka yao yanaishia mpakani, na wanaotoa vibali vya kujenga upande wetu hakuna aliyewauliza neno. Sisi kodi tunalipa Kira, diwani tunamchagua Kira, ila tukizama tunahesabiwa Kampala.

Mhariri, mvua za Machi zikianza mtume mwandishi wako. Ashuke teksi Kireka, aulize mama wa chapati, nitamwonyesha mahali udongo ulipomwagwa. Akimaliza kuandika, juu ya habari yake aweke neno Kira.

Mkazi wa Kireka,
Manispaa ya Kira