Barua kwa Zuhura: ukija Goto Mall Jumamosi

Seoul, Oktoba

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, na pole kwa baridi ya Gwangju, ingawa hiyo unayoilalamikia bado si baridi. Barua yako imefika. Umeuliza mambo mawili: nguo za baridi na matandiko ya hosteli kwa bei ya mwanafunzi, na maua ya bandia kwa ajili ya dada yako wa mapambo ya harusi huko Dar. Yote mawili yanapatikana sehemu moja, na wala hutahitaji kupanda treni ya mjini, maana basi la kutoka Gwangju linakushusha palepale.

Wakorea wanaiita Gosok Teomineol, stendi ya mabasi ya mwendo wa haraka. Iko Banpo, kusini ya mto Han. Vijana wamelifupisha jina likawa Goteo, na Goto Mall ndilo soko la chini ya ardhi linalopita hapo. Fikiria stendi mbili za Mbezi zimejengwa jirani, kisha mtaa mzima wa Kariakoo ukazikwa chini ya barabara iliyo mbele yake.

Hizo stendi kuwa mbili ndiko watu wanakopotelea. Jengo la zamani, la mwaka 1981, ni la Gyeongbu, njia ya kusini mashariki: Busan, Daegu, Daejeon, na mabasi ya Gangneung pia yako huko. Jengo la pili liko ndani ya Central City, la mwaka 2000, nalo ni la Honam, njia ya kusini magharibi: Gwangju, Jeonju, Mokpo, Yeosu. Wewe ni mtu wa Honam, kuja na kurudi. Hakuna mpiga debe wa kukushika mkono akuulize unakwenda wapi. Ukisimama geti la jengo lisilo lako utaangalia mabasi yakiondoka mpaka saa yako ipite. Kutoka jengo moja hadi jingine ukiwa na mizigo, jipe dakika kumi na tano. Na unapokata tiketi huko Gwangju, hakikisha imeandikwa Seoul ya Central City. Yapo mabasi ya Dong Seoul pia, na hiyo ni stendi nyingine kabisa, ng'ambo ya mto.

Njoo Jumamosi. Jumapili soko la maua limefungwa. Panda basi la saa 12 asubuhi. Safari ni kama saa tatu na nusu pamoja na mapumziko, kwa hiyo utashuka karibu saa 3:30. Ratiba zao zimeandikwa kwa saa 24, na sisi wa saa za Kiswahili hapo ndipo tunapojikwaa: 14:20 ni saa 8:20 mchana. Ukiipitisha kichwani haraka haraka utaishia na tiketi ya saa nyingine.

Ukishuka, tafuta kwanza kabati la kuwekea mizigo kwenye ukumbi wa treni chini. Yako ya ukubwa wa aina tatu, skrini ina Kiingereza, na muda ukizidi unaongezewa malipo kabla mlango haujafunguka. Jumamosi makabati makubwa hujaa mapema, kwa hiyo usije na sanduku tupu kubwa. Njoo na begi la kukunja.

Anza na maua, usianze na nguo, hata roho ikikuvuta. Soko la chini liko wazi kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 4 usiku, lakini maua yana saa zake. Yako ghorofa ya tatu ya jengo la Gyeongbu. Upande wa maua hai hufunguliwa usiku wa manane na hufungwa mchana saa sita. Hayo yaangalie kwa macho tu. Upande wa maua ya bandia, riboni na vyungu huendelea hadi saa 12 jioni. Tatizo la Novemba ni Krismasi: rafu nyingi hugeuka misonobari, mipira ya kung'aa na mashada mekundu, na maua ya harusi husukumwa nyuma. Muuzaji akisema hakuna, mara nyingi yapo, ila yamefunikwa na maboksi. Muoneshe picha.

Kuhusu ubora, chukua tawi moja uliangalie kwa karibu kabla ya kuulizia bei. Pitisha kidole ukingoni mwa petali: kama nyuzi zinachomoza, likifika kwenye joto na vumbi la ukumbi wa Dar litafumuka baada ya sherehe tatu. Pinda shina: lenye waya ndani hubaki ulivyolipinda, lisilo na waya hurudi, na hilo halifai kwa tao la mlangoni. Kisha rangi. Hapo juu kuna "nyeupe" tatu: nyeupe kabisa, nyeupe ya pembe ya ndovu, na ile inayoelekea maziwa. Chini ya taa za soko zote ni ndugu. Ukumbini, pembeni ya kitambaa cheupe, zinaachana vibaya, na bibi harusi ndiye atakayekuwa wa kwanza kuona. Mwambie dada akutumie petali moja ya mzigo alionao, na ubebe karatasi nyeupe ya kuwekea chini unapolinganisha. Picha ya simu haitoshi kwa kazi hii.

Riboni na vitambaa hupimwa kwa "ma". Usiogope, ni yadi yetu ileile, sentimita 91 na kitu.

Halafu usafirishaji, ambako watu hulia. Maua ya bandia ni mepesi lakini yanakula nafasi, na kampuni za mizigo ya ndege hutoza kwa uzito au kwa ukubwa, kipi kimezidi. Kanuni ya wengi ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Boksi la 60 kwa 40 kwa 40 linatoka 19.2. Ndani mna maua ya kilo nne, wewe unalipia kilo kumi na tisa na ushee. Dawa yake ni hii: vichwa vya maua mengi ya bandia huchomoka kwenye shina. Vichomoe, uvipange vimeingiana kama vikombe, mashina yafunge pamoja kama fagio. Boksi hupungua sana. Na maua ya aina ya kichaka, yenye vichwa saba au tisa kwenye shina moja, yaache kama huwezi kuyachomoa.

Ukimaliza, shuka chini. Goto Mall ina urefu wa mita 880 hivi na maduka zaidi ya 600, fremu ndogondogo zilizopangwa kwenye korido mbili zinazokwenda sambamba. Ilikarabatiwa na kufunguliwa upya 2012, ndiyo maana ni safi na ina hewa. Tembea korido moja hadi mwisho bila kununua, ukipiga picha namba ya duka lililokuvutia (namba, siyo nguo, wenye maduka hawapendi bidhaa zao zipigwe picha). Rudi kwa korido ya pili. Mwenye kununua duka la kwanza hukuta kitu hichohicho baada ya fremu thelathini kwa bei ya chini, na hapa hakuna kurudisha.

Hilo la kurudisha lichukulie kwa uzito. Maduka mengi hayakubali kubadilisha wala kurudisha pesa, na mengi hayaruhusu kujaribu nguo, hasa za kupitisha kichwani. Kwa hiyo njoo na futi ya fundi, na vipimo vyako vya bega, kifua na nyonga viandikwe kwenye simu. Nguo iliyoandikwa "free" maana yake saizi moja kwa wote, na hao "wote" ni wasichana wa saizi ya 55 hadi 66 ya Kikorea, yaani wadogo na wa kati. Wewe na mimi tuwe wakweli: anzia 77. Yapo maduka ya saizi kubwa, uliza "big saijeu". Viatu vinapimwa kwa milimita, pima unyayo wako ukutani nyumbani. Vya kike mara nyingi vinaishia 250; namba 40 yetu ni kama 255, kwa hiyo angalia vya kiume.

Neno la kukariri ni "gimo". Ni ule upande wa ndani uliochambuliwa ukawa na manyoya mafupi. Suruali ya gimo na soksi za gimo ndizo zitakazokuvusha Januari, siyo koti zito juu ya suruali ya pamba. Geuza nguo ndani uone: gimo nzuri imejaa sawasawa hadi kwenye mshono, mbaya ina mabaka.

Bei ziko kwenye vipande vya maboksi vilivyoandikwa kwa kalamu nene. Kubembeleza bei hakuna nafasi kubwa kama Kariakoo; ukichukua vitatu unaweza kuomba kupunguziwa kidogo, kwa tabasamu, mara moja. Wengine watakutajia bei mbili, ya pesa taslimu na ya kadi. Kisheria duka linalopokea kadi haliruhusiwi kukuongezea kwa sababu ya kadi, lakini kubishana kwa Kikorea cha miezi miwili ni kujichosha. Beba noti za won 10,000.

Matandiko nunua mwisho kabisa, maana ni mzigo wa kukumbatia. Pima godoro la hosteli kabla ya kuja. Saizi za mtu mmoja huku ni S (single) na SS (super single). Godoro la SS ni 110 kwa 200. Usinunue kwa kukadiria kwa mikono.

Chakula kipo kwenye ncha zote mbili za soko. Kwa halali, angalia gimbap, ule wali uliozungushiwa mwani: hata ya samaki mara nyingi hutiwa hemu ya nguruwe. Unaweza kusema "haem ppaejuseyo", waitoe, lakini kisu na ubao ni vilevile. Bora ufunge chakula chako.

Tiketi ya kurudi kata kwenye programu asubuhi hiyohiyo. Mabasi ya Gwangju ni mengi, yapo hata baada ya saa sita usiku, ila yale ya usiku nauli inapanda. Basi la daraja la Udeung lina siti 28, mbili upande mmoja na moja upande wa pili. Premium ina 21, na huihitaji. Ukichelewa basi likaondoka, kimbilia kufuta tiketi upesi: wanakata nusu ya nauli au zaidi, na basi likishafika Gwangju tiketi imekufa. Mzigo unautia mwenyewe kwenye buti, hakuna lebo wala kondakta. Weka kitambaa chekundu kwenye boksi lako.

Njiani basi linasimama dakika 15. Utakuta mabasi yanayofanana yamejipanga mstari, yote ya Honam. Kabla hujashuka kwenda chooni, piga picha namba ya gari. Boksi la maua likienda Mokpo bila wewe, utaanza kulitafuta kwa simu, kwa Kikorea, usiku.

Nijulishe umechagua Jumamosi ipi. Isiwe ya karibu na sikukuu za Chuseok (ya mavuno) au Seollal (mwaka mpya wa Kikorea) mwakani, siku hizo soko linafungwa na tiketi zinaisha mapema.

Wako,
Neema