Panya wa reeler: seli zipo, zimekaa pasipo pake

Bwana Mhariri,

Makala yenu kuhusu panya waliokosa jeni ilieleza kwamba ubongo wao umepungukiwa seli. Kwa gamba la ubongo, yaani tabaka la nje la ubongo, sivyo. Panya hao, waitwao reeler, wana seli za neva tele katika gamba. Kilichovurugika ni mahali zinapokaa. Anayezihesabu bila kuuliza kila moja ilizaliwa lini ataipita kasoro yenyewe.

Mwanajenetiki Falconer aliwaeleza kule Edinburgh mwaka 1951: wanapepesuka, wanatetemeka, wanaanguka ubavu. Jeni yao ilitambuliwa mwaka 1995. Ikiwa nzima, hutengeneza protini ya rilini, inayotolewa na seli za Cajal-Retzius zilizo juu kabisa ya gamba la kijusi. Seli changa huipokea kwa vipokezi viwili, VLDLR na ApoER2, kisha protini ya Dab1 iliyo ndani ya seli hizo huamshwa kwa kupachikwa fosfeti. Ukiondoa Dab1, au vipokezi vyote viwili kwa pamoja, unapata ubongo uleule wa reeler.

Gamba la kawaida hujengwa kama ghorofa ambayo wanaochelewa kuhamia ndio hupanda juu zaidi. Seli zinazozaliwa siku ya 12 ya mimba huishia tabaka la 6, chini. Za siku ya 15 au 16 hupenya katikati ya zilizotangulia na kukaa tabaka la 2 na la 3. Kwa reeler zinazochelewa hukwama chini ya zile za kwanza, kwa hiyo mpangilio hupinduka, ingawa si kwa unadhifu: tabaka huchanganyikana.

Kwenye ubongo mdogo, sehemu ya nyuma inayoratibu mwendo, mlisema kweli. Huko seli za Purkinje, seli kubwa za neva, hubaki zimerundikana ndani, na kwa kuwa ndizo zinazochochea seli za chembechembe kuongezeka, hizo za pili hupungua kweli. Ubongo mdogo unabaki kidonge kisicho na mikunjo. Lakini upungufu huo ni tokeo la mpangilio mbovu, si chanzo chake.

Kwa wanafunzi wa hapa Bukavu wanaotaka kuelewa jinsi jambo hili linavyothibitishwa: panya mwenye mimba hudungwa BrdU, kemikali inayoingia katika DNA mpya, kwa kawaida miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, siku ya 12 kwa mmoja na siku ya 15 kwa mwingine. Seli inayonakili DNA saa hiyo huibeba alama hiyo. Baadaye vipande vya ubongo hulowekwa katika asidi ya hidrokloriki ili nyuzi za DNA zifunguke na kingamwili inayotambua BrdU ipate pa kushika. Asidi ikiwa kidogo, alama haionekani. Ikizidi, kipande kinabanduka kwenye kioo. Hesabuni seli zilizokolea tu, maana iliyofifia iliendelea kugawanyika baada ya sindano. Wa kulinganisha naye awe ndugu wa mzao mmoja: wazazi wenye nakala moja mbovu kila mmoja hutarajiwa kupata robo ya watoto wenye kasoro.

Mkirudia mada hii, chapisheni picha mbili zilizokatwa mahali pamoja na kwa pembe moja, zikiwa na kipimo. Kipande kilichokatwa mshazari hunenepesha tabaka hata kwa panya asiye na kasoro.

Walimu wa biolojia,
Ibanda, Bukavu