Risala ya klabu ya sayansi kwa mgeni rasmi, Mwanza

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni. Karibu sana mgeni wetu, tumefurahi kweli kukuona.

Hiki kiboksi hapa mezani kila upande ni sentimita 10, ndani kuna betri, kipimajoto na redio ndogo, tumekiunda wenyewe tukiiga setelaiti ndogo zinazoitwa kyubusati, ambazo maprofesa wawili wa Marekani walizipangia kipimo hicho mwaka 1999 ili wanafunzi nao waweze kutengeneza. Maabara kilifanya kazi wiki nzima bila shida. Tukakipandisha juu ya bati, jua la saa saba mchana likawaka, gundi ikalainika, waya ukachomoka, kikanyamaza kimya. Tuliumia sana, lakini hapo ndo tukaelewa kwa nini wenzetu wanaotengeneza setelaiti wanajaribia vitu kulekule juu angani.

Maana huko ni zaidi ya bati mheshimiwa. Setelaiti ya karibu inazunguka dunia kwa kama dakika 90 tu, muda si mrefu iko juani inaungua, mara imeingia gizani inaganda, hewa hakuna, na mionzi inaweza kuvuruga kumbukumbu ya kompyuta. Vyumba vya kupimia duniani vipo na vinasaidia, ila haviwezi kukupa hayo yote kwa pamoja kwa miezi. Sasa nani ataweka kifaa kipya ambacho hakijajaribiwa kwenye setelaiti ya mabilioni? Hata mtumbwi mpya hapa kwetu haupelekwi Ukerewe siku ya kwanza, unauzungusha kwanza karibu na mwalo uone kama unavuja.

Kyubusati ndizo za kuzungushia hivyo, na mfano tunaoupenda sisi ni LightSail 2, iliyorushwa 2019, kimwili ilikuwa kama mkate mrefu tu lakini ilibeba tanga la mita za mraba 32, yaani tanga kabisa kama la mitumbwi ya babu zetu, tofauti ni kwamba hili linasukumwa na mwanga wa jua badala ya upepo, na mwanga ukaibadilishia njia kweli bila tone la mafuta! Ilidumu zaidi ya miaka mitatu mpaka ilipoungua ikirudi angani kwetu Novemba 2022. Na kyubusati mbili zinazoitwa MarCO zilienda mpaka sayari ya Mars mwaka 2018, zikarusha habari za chombo InSight kilipokuwa kinatua huko, kazi ambayo setelaiti ndogo zilikuwa hazijawahi kufanya.

Na hawa majirani tunaovua nao ziwa moja je? Kenya walitoa kyubusati ya kwao mwaka 2018 kutoka kituo cha kimataifa cha anga, Uganda wakafuata Desemba 2022. Na sisi watoto wa Mwanza tunaitaka zamu yetu, tunaitaka sana.

Changamoto zetu ni vifaa. Tunaomba utusaidie redio ya kupokelea mawimbi ya setelaiti na antena yake, pia kompyuta moja, na kama unamfahamu fundi wa elektroniki mwenye moyo, aje hata Jumamosi mbili kwa mwezi atufundishe kuchomelea saketi vizuri. Kiboksi cha pili tumeshaanza, safari hii waya tunachomelea kwa risasi, gundi hatuitegemei tena, na kinapanda batini mwezi ujao.

Tunaomba kuwasilisha.