Barua ya wazi kwa mjomba: waliokaa "kwa hiari" Ireland

Mjomba, shikamoo.

Umeandika kwamba wanawake wa nyumba za Magdalena kule Ireland, yaani nyumba za udobi zilizoendeshwa na masista Wakatoliki, walikaa kwa hiari, kwa kuwa wengi wao hawakuhukumiwa na mahakama. Tazama basi waliingiaje na walizuiwa na nini.

Ripoti ya kamati ya serikali iliyoongozwa na Martin McAleese, ya Februari 2013, ilihesabu wanawake wapatao 10,000 katika nyumba kumi kati ya 1922 na 1996. Katika wale ambao njia yao ya kuingia inajulikana, zaidi ya robo walipitia mkono wa serikali. Wengine waliletwa na jamaa au padri. Na si wote waliotuhumiwa uasherati: wapo wasichana waliohamishwa kutoka shule za watoto wasio na walezi. Msichana wa shule hizo akifika miaka 16 aliachiwa, ila chini ya uangalizi, na aliweza kurudishwa. Wengi hawakuambiwa watatoka lini. Nani angeita hiyo hiari?

Ndani ya nyumba hizo, mara nyingi mwanamke alinyang'anywa nguo zake, akakatwa nywele, akapewa jina jingine. Milango ilifungwa kwa ufunguo. Hakuna mshahara, hivyo hakuna nauli, na waliotoroka wakati mwingine walirudishwa na polisi.

Kazi ilikuwa udobi: kuchambua nguo chafu, kufua, kukamua, kupitisha mashuka kwenye rola za moto, kupiga pasi. Wateja walikuwa hoteli, hospitali, hata jeshi. Ripoti inasema faida haikuwa kubwa. Sawa, lakini wateja walilipa, na mfuaji hakupata kitu, wala hakuchangiwa pensheni.

Utaniambia wastani wa kukaa ulikuwa kama miaka mitatu tu. Hesabu hiyo haikuwagusa waliokuwa ndani tangu kabla ya 1922, wala wale ambao tarehe zao hazikuandikwa. Yaani huenda waliokaa muda mrefu kuliko wote ndio walioachwa nje.

Mwaka 1993 masista wa High Park, mojawapo ya nyumba hizo, huko Dublin, waliuza ardhi yenye makaburi ya wanawake hao. Kibali cha kufukua kilitaja miili 133, ikafukuliwa 155.

Waziri Mkuu wa Ireland wakati huo, Enda Kenny, aliomba radhi bungeni tarehe 19 Februari 2013, na serikali ikaweka fidia ya euro 11,500 hadi 100,000 kwa kila mwanamke, kulingana na muda aliokaa. Mashirika manne ya masista yaliyoendesha nyumba hizo yalikataa kuchangia.

Mpwao