YAH: MALALAMIKO KUHUSU FOMU YA MAPOKEZI NA KIPEPERUSHI CHA KLINIKI ZENU ZA MGONGO

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Sisi ni wataalamu wa fiziotherapia tunaopokea wagonjwa wanaotoka kwenu. Hatuipingi kairopraktiki, yaani tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono. Kusukuma pingili (mifupa ya uti wa mgongo) kwa mikono husaidia kiasi maumivu ya kiuno, na mwongozo wa American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, wa mwaka 2017 unaitaja miongoni mwa njia za kujaribu kabla ya dawa. Kipeperushi chenu, hata hivyo, kimeongeza kwamba inatibu pumu, shinikizo la damu, watoto kukojoa kitandani na chango la wachanga. Huko hakuna ushahidi wa kutegemewa, na mwenye pumu akiacha dawa zake kwa kuwaamini ninyi anaweza kupoteza maisha.

Kibaya zaidi ni fomu. Inauliza simu, bima na nani kamwelekeza mgonjwa. Haiulizi homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, saratani ya zamani, kuanguka, wala matumizi ya muda mrefu ya steroidi. Kifua kikuu bado kipo kwetu, nacho hula pingili za mgongo. Pingili iliyoliwa ikisukumwa inaweza kuporomoka na mgonjwa akapooza miguu. Fomu haiulizi pia ganzi ya makalio na sehemu za siri, au mkojo kugoma kutoka ama kutoka wenyewe. Mwenye dalili hizo haguswi. Anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, maana neva za chini ya mgongo zikibanwa hivyo huhitaji upasuaji wa haraka.

Kuhusu shingo: ateri mbili zinazokwenda ubongoni hupita katika matundu ya pingili 6 za juu. Kuzungusha shingo kwa ghafla kumehusishwa na kuchanika kwa ukuta wa ateri hizo, kisha kiharusi. Ni nadra, lakini mgonjwa aelezwe na atie saini kabla. Mwenye maumivu mapya ya shingo pamoja na kizunguzungu, kuona vitu viwili au ulimi mzito asizungushwe kabisa.

Wahudumu wenu waache pia kusema mlio wa "ko" ni mfupa kurudi mahali pake. Ni gesi kwenye majimaji ya kiungo. Hata vidole hulia hivyo.

Halafu kuna eksirei kwa kila anayeingia, na kifurushi cha vikao 24 kinacholipwa chote mwanzoni. Eksirei haionyeshi diski (vijisahani laini vilivyo kati ya pingili) wala neva. Maumivu mapya ya kiuno mara nyingi hupungua ndani ya wiki chache hata bila tiba, kwa hiyo vikao 24 vinauzwa kabla ya kujulikana kama vinahitajika. Pimeni maendeleo baada ya vikao vichache; pasipo nafuu, simamisheni na mpeleke kwa daktari.

Tunataka fomu ibadilishwe, kipeperushi kiondolewe, na fedha za vikao visivyotumika zirudishwe ndani ya siku 14. Zikipita, nakala ya barua hii itakwenda Wizara ya Afya.

Wenu,
Wataalamu wa fiziotherapia,
Dar es Salaam